Toeni mikono kwenye saa

Kwenu wakuu wa vitengo vya TEHAMA wa halmashauri, hospitali, vyuo, mashirika na vyama vya akiba na mikopo,

YAH: SAA ZA KOMPYUTA KUREKEBISHWA KWA MKONO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mnisamehe kwa kuanza hivyo. Nimeandika barua za ofisi miaka mingi mno kuweza kuanza vinginevyo.

Mwaka juzi mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia nyumbani baada ya magharibi. Binti yake, keshia wa SACCOS moja ambayo sitaitaja, alikuwa amesimamishwa kazi, wiki ya tatu hiyo. Shilingi milioni tatu na laki nne zilitolewa kwenye akaunti ya mwanachama ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali. Mfumo ulionyesha fedha zimetoka dirisha namba mbili, kwa jina la binti, 13:52. Kamera nayo ilionyesha kwamba 13:52 aliyekaa dirisha namba mbili ni yeye, peke yake, anachapa. Meneja aliponiruhusu kuingia aliniambia kwa upole kabisa, “Mzee wangu, kamera haina ndugu.”

Kweli haina ndugu. Lakini ina saa.

Nilichofanya hakihitaji shahada. Nilitafuta tukio moja ambalo seva na kamera zote mbili zililiona. Asubuhi ya siku ile umeme ulikatika. Kwenye picha taa za ukumbi zinazimika, watu wanainua nyuso, mzee mmoja kwenye foleni anavua miwani na kuifuta kana kwamba kosa ni la macho yake. Pembeni ya picha pameandikwa 10:12. Kwenye seva, UPS imeandika kwamba umeme wa nje umepotea 10:41. Nikaangalia uliporudi: kamera inasema 10:20, seva inasema 10:49. Pengo ni lile lile, dakika 29. Basi muamala wa 13:52 kwa saa ya seva ulifanyika 13:23 kwa saa ya kamera. Tukairudisha picha hadi 13:23. Kiti cha dirisha namba mbili kina mtandio umening'inia kwenye egemeo, mwenyewe hayupo, amekwenda kula. Hakuufunga mfumo alipoondoka, na kwa hilo alistahili karipio alilopewa. Aliyeinama juu ya kibodi yake simtaji. Shauri lake lilimalizwa na bodi.

Mtauliza: kati ya saa zile mbili, ipi ilikuwa sahihi? Hakuna. Mwanachama mmoja alikuwa na ujumbe wa simu wa fedha alizoweka siku ile ile: simu ilisema 10:58, seva iliandika 11:04. Seva ilikuwa mbele dakika 6, kamera nyuma dakika 23. Nikauliza nani huiweka saa ya seva. Mhasibu akainua mkono, bila wasiwasi: “Mimi, nikiona imepotea majira.” Anaitazamia wapi? Akanionyesha saa ya ukutani, ile ya kampeni ya chanjo.

Ndugu zangu, ndiyo maana nawaandikia. Naomba jambo moja tu: saa ya kompyuta isishikwe na mtu. Iulize yenyewe, kwa mtandao, kila wakati, na awepo mmoja kati yenu ambaye kazi hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake.

Najua mtakachosema, kwamba saa ya kompyuta ni ya umeme, itakoseaje? Ndani yake mna kijiwe cha fuwele kinachotetema, kwa kawaida mara 32,768 kwa sekunde, na kompyuta inahesabu mitetemo hiyo. Kijiwe cha kawaida hukosea sehemu kama 20 kwa milioni. Inaonekana si kitu, lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi, dakika kumi na nusu kwa mwaka. Tena kila kijiwe kina tabia yake: hiki kinakimbia, hiki kinachelewa, na joto la chumba likibadilika navyo vinabadilika. Mashine mbili mlizozinunua siku moja, kontena moja, mkaziwasha kwa pamoja, baada ya mwaka zitakuwa zinazungumzia nyakati mbili. Betri ile bapa ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, hali inakuwa mbaya zaidi: kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikiamini iko mwaka ilipotoka kiwandani, au 1970. Kivinjari kinaangalia cheti cha usalama cha tovuti, kinaona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, kinakataa kufungua. Keshia anamwambia mteja maneno tunayoyajua sote: mtandao unasumbua. Mtandao masikini hauna kosa lolote.

Dawa ipo, na ni ya zamani. David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichapisha maelezo ya kwanza ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa kwa mtandao, mwaka 1985, akaendelea kuinoa kwa miongo kadhaa. Macho yake yalikuwa mabovu tangu kuzaliwa, na mwishoni mwa maisha yake alikuwa haoni kabisa. Alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 85, na simu iliyo mfukoni mwako na seva za benki yako zinaishi kwa kazi yake au kwa kazi zilizozaliwa nayo. Sidhani kama kuna mtu aliyefundisha mashine nyingi kiasi hicho kukubaliana.

Alichokibuni naweza kuwaeleza kwa mfano wa mtoto aliyetumwa kwa jirani kuuliza saa. Ukimtuma tu, akirudi na kusema “ni saa nne na dakika tano”, jibu limeshachacha njiani. Hujui alitumia muda gani kurudi. Sasa mtume hivi. Andika saa yako anapotoka: saa 4:00:00. Jirani aandike kwa saa yake mtoto anapofika, 4:05:00, na anapoondoka, 4:05:10. Wewe andika anaporudi kwa saa yako: 4:00:30. Safari nzima kwa saa yako ni sekunde 30. Kwa jirani alikaa 10. Barabarani basi ni 20, kwenda 10 na kurudi 10. Alipotoka kwako kwa saa 4:00:00, saa ya jirani ilikuwa 4:04:50. Saa yako iko nyuma dakika 4 na sekunde 50, na umelijua hilo ingawa mtoto alitembea polepole. Kompyuta inafanya hesabu hii tena na tena, kwa majirani kadhaa, kisha haiirushi saa yake kwa pupa. Kama tofauti ni ndogo, inaiharakisha au kuipunguza mwendo kidogo kidogo hadi zilingane, ili kusiwe na sekunde iliyorukwa wala iliyorudiwa. Mhasibu wetu hawezi kufanya hivyo kwa kidole. Yeye akiirudisha saa nyuma dakika sita saa za kazi, risiti za dakika sita zijazo zitaonekana zimetolewa kabla ya zile zilizotangulia, na mkaguzi akija atataka maelezo.

Hesabu ya mtoto ina sharti moja: kwenda na kurudi kuchukue muda sawa. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka tulivyokuwa tunaishi kwa sahani za setilaiti kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Setilaiti zile zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe kupanda na kushuka unakula karibu robo sekunde. Ofisi ikitoa kwa setilaiti na kupokea kwa waya, mtoto anakwenda kwa mguu na kurudi kwa bodaboda, na hesabu inakosea nusu ya tofauti hiyo. Kwa kamera ya SACCOS kosa la karibu sehemu ya kumi ya sekunde si kitu, wala msilipotezee usingizi. Wanaoendesha mitambo ya simu na ya umeme wana shida zao, na wana vifaa vyao.

Sasa nifike kwenye kosa ninalolikuta kila mahali, na ambalo huwa silaumu mtu nikilikuta, maana linafanana na uangalifu. Kompyuta imewekewa Windows haraka haraka, na ukanda wa majira umeachwa ulivyokuja, wa pwani ya magharibi ya Marekani. Saa inaonyesha saa tano usiku wakati jua liko juu ya paa. Fundi hagusi ukanda, anaishika saa na kuisogeza hadi ifanane na ya ukutani. Kwa macho, mambo ni safi. Lakini ndani kompyuta haitunzi saa ya Dodoma wala ya Nairobi, inatunza UTC, saa ya dunia, ambayo sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa kulazimisha saa nne asubuhi yetu iitwe saa nne asubuhi ya California, fundi ameiambia mashine kwamba saa ya dunia ni 18:00 wakati ni 07:00. Imekwenda mbele saa 11. Barua pepe zinafika kabla hazijatumwa. Na Machi ikifika, Wamarekani wanaposogeza saa zao kwa ajili ya kiangazi, kompyuta ya ofisi ya kijiji chetu nayo inaruka saa nzima usiku wa kuamkia Jumapili, halafu Novemba inarudi. Nchi zetu hazina habari na mchezo huo, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kuutafuta. Kila mwaka kuna mtu anaapa kwamba kompyuta ina kirusi.

Na tuna letu wenyewe, ambalo vitabu vya wenzetu havikuliandika. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Nilimkuta karani wa masjala, mtu makini, mwenye mwandiko wa kupendeza, ameandika 2:15 kwenye kompyuta kwa sababu ilikuwa saa mbili na robo. Stakabadhi zote za asubuhi ile zilitoka na alama ya usiku wa manane. Tusimcheke. Yeye alisema kweli kwa Kiswahili, kompyuta ikasikia kwa lugha nyingine. Tukio la saa mbili usiku kwa mlinzi ni 20:00 kwa kamera na 17:00 kwenye kumbukumbu za seva inayoandika UTC, na ripoti ya tukio ikiandikwa “saa 2:00” tu, bila asubuhi wala usiku, umeshapata majibu manne kwa swali moja. Seva ziachwe ziandike UTC. Ripoti za watu ziandikwe kwa maneno, asubuhi au usiku, na tarakimu za saa 24 pembeni. Hilo halihitaji bajeti.

Kuna wanaojibu kwamba NTP wameshaiwasha. Nafurahi, lakini nendeni mkahakikishe. Maombi ya NTP hupita mlango namba 123 wa UDP, na fayawoli nyingi zimeufunga kwa sababu aliyeiweka alifunga kila asichokijua. Kompyuta inaita, hajibu mtu, inaendelea kwa saa yake mbovu bila kulalamika. Na programu ya asili ya ntpd ina msimamo wa kizee: ikikuta tofauti inazidi sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, inakataa na kujizima, ikiamini kwamba tofauti kubwa hivyo lazima iamuliwe na binadamu. Ile kamera yetu yenye dakika 23 ingeliangukia humo. Mwelekezeni fundi aruhusu marekebisho makubwa mara moja tu, mashine inapowaka. Programu ya Chrony inayo nafasi hiyo, na ntpd pia.

Tena msizitume kompyuta zote mia mbili zikaulize nje. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilifurikiwa na maombi ya saa kutoka kwa ruta za Netgear ambazo zilikuwa zimeandikiwa anwani ya seva yake tangu kiwandani. Chagueni seva mbili au tatu za nyumbani kwenu ziulize nje, na nyingine zote, pamoja na DVR, swichi, mashine ya alama za vidole mlangoni na simu za mezani, ziulize hizo. Wa kuulizwa nje wawe wanne au zaidi. Hapa baraza la wazee linatosha kuwa mwalimu: shahidi mmoja unamwamini kwa kuwa huna mwingine, wawili wakipingana huna la kufanya, watatu wanakuonyesha mwongo, na wa nne yupo ili mmoja akiugua kikao kisivunjike. Mkusanyiko wa seva za kujitolea wa pool.ntp.org, ulioanza mwaka 2003, una kanda ya Afrika. Muulizeni pia mtoa huduma wenu kama ana seva ya saa karibu, kwenye mitandao inayokutania TIX Dar es Salaam au KIXP Nairobi, isiyolazimika kuvuka bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, nusu ya mambo yetu yalisimama. Sitawatisha: siku moja bila kuuliza inaiharibu saa kwa sekunde moja au mbili tu. Kilichoumiza ni mashine zilizozimwa na kuwashwa siku hiyo, zenye betri zilizokufa, zikaamka bila wa kumuuliza.

Mwenye uwezo aweke kipokezi cha GPS juu ya paa. Setilaiti za GPS zimebeba saa za atomiki, na antena yenye kuona anga inakupa wakati ambao kosa lake ni chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, bila waya wa baharini. Nayo isiwe shahidi pekee. GPS ya asili huhesabu wiki hadi 1,024 kisha inaanza sifuri. Ilifanya hivyo 6 Aprili 2019, na baadhi ya vipokezi vya zamani vikarudi nyuma karibu miaka 20. NTP yenyewe ina siku yake, 7 Februari 2036, Alhamisi, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwetu, hesabu yake ya sekunde tangu 1900 itakapojaa. Programu zinazotunzwa zitavuka. Nina wasiwasi na vile visanduku vya bei nafuu mnavyovinunua bila kuuliza nani atavitunza. Sekunde ya ziada, ile inayoongezwa ili saa isiachane na mzunguko wa dunia, imeongezwa mara 27 tangu 1972, mara ya mwisho ikitukuta sisi usiku wa mwaka mpya wa 2017, saa nane na dakika 59 na sekunde ya 60. Wataalamu wa vipimo wameshaamua mwaka 2022 kuachana nayo ifikapo 2035, kwa hiyo siwasumbui nayo.

Saa mbovu hugusa hata usalama wenu. Domeni za Windows zinatumia Kerberos kuthibitisha mtumiaji, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Nimeona fundi akiifuta kompyuta nzima na kuweka Windows upya kwa sababu mtumishi alikataliwa kuingia Jumatatu asubuhi. Ilikuwa mbele dakika saba. Namba zile sita za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu nazo ni saa tu iliyovaa joho. Mnanunua usalama wa gharama kubwa na kuusimika juu ya saa ya kampeni ya chanjo.

Lakini nisiwe mtu wa mitambo tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyosafirishwa, kama njia hizo zinaaminika. Wakili yeyote mwenye akili atauliza: saa iliyopiga muhuri huu inarekebishwa na nani? Mkijibu “na mhasibu, akiona imepotea majira”, mmelipoteza shauri, hata kama mwizi ni mwizi kweli. Na siku ambayo hakuna wakili, yupo tu binti wa miaka 24 mbele ya kamati ya nidhamu, hilo swali halitaulizwa na mtu yeyote.

Kesho mkifika ofisini, kabla ya chai, chukueni simu yenye saa ya mtandao na karatasi, mzunguke. Andikeni saa ya kila kitu kinachopiga muhuri wa wakati, na tofauti yake na simu. Mtu mmoja, nusu saa. Karatasi hiyo itakuwa na nguvu kuliko barua hii.

Mwezi uliopita nilipita tena pale SACCOS kuweka fedha zangu. Binti yupo dirishani, namba mbili ile ile. Akaniamkia, akanihudumia haraka. Meneja akanivuta pembeni kunionyesha kwa fahari kwamba kamera sasa iko sawa. Nikamwuliza imewekwaje. Akasema, “Nimeiweka mwenyewe, mzee, kwa mkono wangu, ili nisimtegemee mtu.” Nikatoa simu. Ilikuwa imeshachelewa dakika moja na sekunde arobaini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa mitandao,
Morogoro